Siku tulipopigiwa meza bunge la kaunti, na ile karatasi iliyotupita tukiwa papo hapo

Wenzangu wa vitengo vingine wananiuliza kila siku ilikuwaje nyinyi mkaenda bungeni kutambuliwa halafu wiki ya pili mkarudi tena na barua mkononi, na kila nikianza kueleza kwa simu kredo yaisha kabla sijafika pale penyewe, basi leo naandika yote mwanzo mwisho. Kaunti siitaji, jueni tu ni huku Pwani, na watu pia siwataji majina, manake sikuandika nimchome mtu. Nataka mtu mwingine akiitwa kutambuliwa ajue afanye nini siku hiyohiyo.

Mimi ni katibu wa kitengo cha afya cha jamii. Tuko kumi na mmoja, kila mmoja na nyumba zake kama 100 za kuzungukia. Zamani tulikuwa tunaitwa wahudumu wa kujitolea, siku hizi ni CHP, yaani wahamasishaji wa afya ya jamii (community health promoters). Tarehe 25 Septemba 2023 Rais alituzindua rasmi pale Uhuru Park Nairobi, watu 100,000 nchi nzima, tukapewa mikoba ya kazi yenye mashini ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu za kuingizia data badala ya kubeba madaftari pekee. Tukaambiwa posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu inatoka serikali kuu na nusu kwa kaunti. Shikeni hapo kwa nusu na nusu, ndio kisa chote.

Haikupita hata miezi miwili mvua za El Niño zikashuka. Waliokuwa Pwani Novemba ile hawahitaji kuelezwa, barabara zilikatika, vyoo vikajaa vikamwagika, visima vikaingia maji machafu. Sisi ndio tuliokuwa tunapita nyumba kwa nyumba na dawa ya kutia kwa maji na kufundisha watu kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha.

Kuna mwenzetu mmoja twamwita Bi Mkubwa, alikuwa mkunga wa kijijini kabla wengine wetu hatujazaliwa. Upande wake kuna nyumba saba ziko ng'ambo ya korongo na korongo lilikuwa limejaa. Alivuka maji yakimfika kiunoni, mkoba kichwani, kijana wa pale akimshika mkono. Akakuta mtoto wa mwaka mmoja na kitu, mama yake anasema ni homa tu. Bi Mkubwa akavalisha ule utepe mkono wa kushoto katikati ya bega na kiko, akavuta pole pole, ukasoma 11.2. Kwa wasioujua, utepe unapima utapiamlo na una rangi tatu, kijani mtoto yuko sawa, njano ni wa kuangaliwa, na chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo hasubiri kesho. Akaandika fomu ya rufaa, akaitia kwa karatasi ya nailoni ya mkate isilowe, na akavuka tena na yule mama na mtoto jioni ileile. Mtoto yuko hai, anatembea, mimi mwenyewe nimempima tena mwaka huu akasoma kijani.

Hiyo habari ndiyo iliyomfikia MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwa bunge la kaunti, na nitasema ukweli, mheshimiwa alituheshimu. Alikuja mpaka kwa zahanati, akaketi kwa benchi, akasikiliza, akasema nitaomba bunge liwatambue. Mwishoni mwa Februari 2024 mwaliko ukaja, kikao cha Jumanne saa nane na nusu mchana.

Sasa wakati huo ile nusu ya kaunti tulikuwa hatujaiona, tangu Oktoba. Shilingi 2,500 mara watu 11 mara miezi mitano ni 137,500. Kwa mwenye mshahara ni pesa kidogo lakini kwa kitengo chetu ni nauli za kupeleka wagonjwa, ni bando za kutuma ripoti, ni unga. Kuna mwenzetu alikuwa amekopa kwa chama na riba inatembea. Kwa hivyo mwaliko ulipokuja tukakaa chini ya mwembe tukakubaliana, tunaenda kutambuliwa, na hapohapo tunawaambia shida yetu. Nikaandika ombi kurasa mbili, sote tukaweka sahihi, mmoja akaweka kidole.

Hapo ndipo tulipokosea kwanza, tulidhani mtu akiitwa bungeni anaitwa kuongea.

Tukafika mapema, aproni zimepigwa pasi, akina mama wametandika leso nzuri mabegani. Langoni tukapekuliwa, simu tukaambiwa tuzime, mikoba ikabaki mapokezi. Afisa mmoja kijana mpole sana akatupa maelekezo: mtakaa kwa galari ya umma, mkitajwa mnasimama, hamuongei, hamupigi makofi hata mkifurahi vipi, makofi ya wageni hayaruhusiwi. Nikamuonyesha ile bahasha, kaka, hii twaikabidhi saa ngapi? Akaiangalia, akaniambia mama, ombi haliletwi kikaoni hivi. Linapelekwa kwanza ofisi ya karani, karani analikagua kama limekaa sawa kisheria, halafu linawekwa kwa ratiba, ama linaletwa na MCA kwa niaba yenu ama Spika mwenyewe analitaja, ndio liende kwa kamati. Leo haliko kwa ratiba.

Moyo ulishuka. Haki yenyewe tunayo, kifungu cha 37 cha katiba kinasema kila mtu anaweza kupeleka ombi kwa serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 15 kinasema wazi raia ana haki ya kuliomba bunge la kaunti liangalie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Lakini ile haki ina mlango wake na sisi tulikuwa tumesimama kwa mlango mwingine. Nikashuka mbio mpaka ofisi ya karani nikaiacha pale, nikagongewa muhuri nakala yangu. Huo muhuri niushukuru mpaka leo.

Kikao kikaanza. Sajenti akaingia amebeba siwa, lile rungu la mamlaka ya bunge, mbele ya Spika, watu wote wakasimama. Mimi ni mtu wa Pwani, nikiona siwa naikumbuka ile yenyewe, lile baragumu kubwa la Pate la pembe na la Lamu la shaba ambayo yako kwa makumbusho ya Lamu, enzi hizo ikilia mtu ajua kuna jambo la heshima mjini. Hii ya bunge hailii, inalazwa tu pale mezani, na ikilazwa ndio kikao kimekuwa kikao. Dua ikasomwa. Akidi ipo. Karani akasoma shughuli ya kwanza.

Mawasiliano ya Spika ndio yalikuwa yetu. Akasema waheshimiwa, kwa galari leo kuna wageni wetu, akasoma jina la kitengo, akasoma jina la wadi, akatuomba tusimame. Tukasimama. Wabunge wakaanza kupiga meza, wengine wanapiga na miguu chini, na ule mlio unatoka kwa mbao unakuingia kifuani. Kisha MCA wetu akapewa dakika mbili. Akaanza kwa Kiswahili, na huko bungeni ukianza hotuba na lugha moja unaimaliza na hiyohiyo, kwa hivyo kila neno tulilielewa, hata wale wenzetu ambao hawakusoma. Akaeleza habari ya korongo. Akaeleza utepe uliosoma nyekundu. Hakumtaja mtoto wala mama, nilimshukuru kwa hilo. Nikamuangalia Bi Mkubwa, alikuwa amesimama wima kama askari, machozi yanashuka na hayapangusi.

Nasema hivi kwa sababu kuna wenzetu wakisikia kisa hiki wanaruka moja kwa moja kwa "hawa wanatupa sifa badala ya pesa". Mimi sikubali. Mwanamke amefanya kazi miaka zaidi ya thelathini, hajawahi kusikia mtu wa serikali akisema jina la kijiji chake kwa wema. Siku ile alisikia. Na yale maneno yaliingia kwa Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya bunge, yameandikwa, yatakuwepo sisi tukiwa hatupo. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Tukaketi. Hapo sasa ndio wengi wetu tuliona yetu yamekwisha, tukaanza kunong'onezana, leso zinawekwa sawa, manake tulikuwa tumeambiwa kuna picha kwa ngazi baadaye. Kule chini shughuli zinaendelea, zile ambazo mtu wa kawaida anaona ni za kusinzia. Maombi, hakuna. Karatasi za kuwekwa mezani. Mwenyekiti wa kamati moja akasimama, akasema kwa Kiingereza Bwana Spika naomba kuweka mezani ripoti ya kamati ya bajeti kuhusu makadirio ya nyongeza, akainamisha kichwa, akaikabidhi, akaketi. Kisha akasimama tena akatoa ilani ya hoja kwamba bunge liipitishe hiyo ripoti. Haikufika dakika moja, hakuna meza iliyopigwa. Mimi nilikuwa namfunga mwenzangu kilemba.

Picha tukapiga. Chai tukanywa. Cheti tukapewa, kizuri, kina fremu.

Njiani kwa matatu nikaitoa ile ratiba ya shughuli niliyookota pale kitini. Nikaisoma tu kwa kupoteza muda, na nilipofika pale "makadirio ya nyongeza" nikakumbuka kitu ambacho afisa wa afya wa wadi alinidokezea mwezi wa kwanza, kwamba posho yenu iko kwa bajeti lakini subirini ile ya nyongeza muone. Nikamuuliza mwenyekiti wetu, dada, hivi bajeti ya nyongeza si ndiyo ile leo imewekwa mezani? Kimya gari zima.

Kwa wasiofuatilia haya mambo, bajeti ya kaunti inaanza Julai mosi inaisha Juni 30. Ikifika katikati ya mwaka, mapato ya kaunti hayajafika yalipokadiriwa, pesa za Nairobi zimechelewa, serikali ya kaunti inaleta makadirio ya nyongeza. Jina ni nyongeza lakini ndani yake kuna kupunguza kwingi sana. Huko ndiko mstari wako unaweza kukatwa na usijue, kwa sababu ulipopitishwa Juni ulishangilia ukaenda nyumbani.

Asubuhi yake mimi na mwenyekiti tukarudi. Nauli tulichanga. Katiba kifungu cha 196 kinasema bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na vikao vyake na vya kamati viwe wazi kwa umma, na karatasi ikishawekwa mezani ni ya umma. Tukaandika barua ya kuomba nakala. Sikudanganyi, tulizungushwa kidogo, njoo saa nne, njoo saa sita, aliye na ufunguo ametoka. Saa nane ndio yule kijana mpole wa jana akatuona kwa ngazi, akauliza mbona mko hapa tena mama zangu, akaenda mwenyewe akatupigia fotokopi kurasa za idara ya afya.

Tukakaa chini ya ukuta kwa kivuli tukafuatilia na kidole, mstari mmoja mmoja. Dawa. Mafuta ya gari. Safari na marupurupu ya safari. Mafunzo. Halafu posho za wahudumu wa afya ya jamii: safu ya kwanza kilichopitishwa Juni, safu ya pili kinachopendekezwa, na tofauti kwa mabano. Ilikuwa imepungua karibu nusu.

Yaani siku ileile, chumba kilekile, ndani ya nusu saa moja, tulipigiwa meza kwa kazi yetu na posho ya kazi hiyohiyo ikapita mezani imekatwa. Na ninaamini kabisa wengi wa waliopiga meza hawakujua. Ripoti ile ni nene, MCA wa kawaida anaangalia barabara yake na shule ya chekechea ya wadi yake. Hakuna aliyekaa akapanga kutudhulumu. Afisa mmoja wa fedha alituambia baadaye, bila kuficha, mapato yakipungua wanaanza kupunguza mistari ambayo haina mkataba nyuma yake, kwa sababu kontrakta ataenda kortini lakini mhudumu wa kijijini hataenda. Lile neno liliniuma kuliko ile karatasi. Nikaona pia ndipo penye dawa: mstari usio na mtu wa kuulizia ndio wa kwanza kukatwa, basi sisi tuwe watu wa kuulizia.

Tulikuwa na siku sita kabla ile hoja ijadiliwe, manake ilani ilitolewa Jumanne na mjadala ulikuwa Jumanne inayofuata. Ombi letu la kwa karani lisingewahi, lina njia yake ndefu, kamati inapewa wiki zake. Kwa hivyo tukaandika kitu kingine, memoranda, ukurasa mmoja tu, kwa kamati ya bajeti na nakala kwa kamati ya afya na kwa MCA wetu. Na hapa ndipo ile Hansadi ikafanya kazi. Aya ya kwanza tuliandika: tarehe hii, bunge hili lilisimamisha shughuli zake kutambua kazi ya kitengo hiki, maneno ya mheshimiwa fulani ni haya, tukayanakili vile alivyosema. Aya ya pili: siku hiyohiyo, karatasi nambari fulani ukurasa fulani, mstari wa posho umepunguzwa kutoka hapa hadi hapa. Aya ya tatu: tunaomba urudishwe. Hatukulalamika, hatukumtukana mtu, tuliweka mambo mawili ubavuni kila mtu ajisomee.

MCA wetu alipoisoma alinyamaza kitambo, akasema hii mimi sikuiona. Kisha akatuambia kitu ambacho sikuwa nakijua: ukitaka kuongeza mahali lazima uonyeshe unapunguza wapi. Ni sheria ya fedha za umma ya 2012, bunge haliwezi kurundika tu matumizi juu, kila shilingi inayoongezwa huku itoke kule. Kwa hivyo tukarudi kwa zile kurasa na yeye akiwa nasi, kwa benchi lilelile la zahanati, akaweka kidole kwa safari na marupurupu ya safari, akasema nitajaribu hapa.

Jumanne tukaenda watatu tu, pesa ilikuwa hakuna. Hakuna aliyetutambua siku hiyo wala hatukusimama. MCA wetu akaleta marekebisho, akayasoma, mwenzake wa wadi ya mbali huko akaunga mkono, na huyu wa pili ndiye aliyesema waheshimiwa, wiki iliyopita tulipiga hizi meza. Hapo hapo mwingine akasimama na hoja ya nidhamu kwamba marekebisho yalichelewa kufika kwa karani, ikabishaniwa kama robo saa, mimi nimeshika ukingo wa kiti mpaka vidole vinauma. Spika akaamua yajadiliwe. Wakapiga kura ya sauti. Tulipata, lakini si yote, kama theluthi mbili ya kilichokatwa ndicho kilichorudishwa, manake wengine walikataa kuguswa ile ya safari zaidi ya hapo.

Na kupitishwa si kulipwa, hilo pia mlijue. Baada ya bunge kuna Msimamizi wa Bajeti Nairobi wa kuidhinisha pesa zitoke, kuna idara kuandaa orodha ya malipo, kuna jina lako kuandikwa vile lilivyo kwa kitambulisho. Wenzetu wawili walikwama hapo, mmoja namba yake ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtoto wake. Kama wewe ni katibu, fanya hiyo kazi ya majina na namba leo, usingoje, ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo iliyotukosesha usingizi.

Ujumbe wa M-Pesa uliingia katikati ya Juni, usiku, siku chache kabla mwaka wa fedha ufungwe. Miezi mitatu kwa mkupuo. Bi Mkubwa alinipigia akidhani ni matapeli, nikamwambia la, bi mkubwa, ni zako. Miwili iliyobaki imeingizwa kwa madeni ya kaunti, tunaifuatilia.

Lile ombi letu la kwanza lenye muhuri halikupotea pia. Lilisomwa Aprili, likapelekwa kamati ya afya, tukaitwa kamatini na huko tuliongea, tena kwa kirefu, kwenye meza, na maji ya chupa mbele yetu. Tuliulizwa maswali ya maana. Mmoja aliuliza fomu za rufaa zinachapishwa na nani, tukamjibu ni sisi wenyewe, kwa duka la fotokopi, shilingi kumi ukurasa. Aliandika.

Cheti kiko zahanati, ukutani, juu ya ule ubao tunaoandika takwimu za mwezi. Pembeni yake nimebandika na gundi zile kurasa za idara ya afya, mstari wetu umepigwa wino wa njano, na chini yake kila mwezi mwenyekiti anaandika imelipwa au haijalipwa. Ya mwezi uliopita imeandikwa haijalipwa. Kikao ni Jumanne saa nane na nusu, ratiba inatoka Jumatatu, na zamu ya kwenda kuisoma ni ya Bi Mkubwa na mjukuu wake wa kidato cha pili wa kumsomea Kiingereza.